Mhariri, vitabu vya watoto viseme wanasayansi wamejuaje

Mhariri,

Salaam kwako na kwa timu nzima ya gazeti. Naomba uniwekee hii barua hata ikibidi uipunguze kidogo, manake nina jambo kuhusu vitabu vya watoto, vile vinavyoelezea wanyama adimu wa porini na wanasayansi wanaowachunguza, na kwa vile gazeti lako lina ukurasa wa watoto naona linakuhusu na wewe.

Vitabu vya aina hii siku hizi vinapendeza kweli kwa macho. Picha zinang'aa, karatasi nzito, mnyama anakuangalia usoni. Lakini ukisoma maneno yenyewe unakuta ni majibu matupu, mnyama huyu ana kilo kadhaa, anakula hiki, anazaa watoto wangapi, wamebaki wachache, funua ukurasa. Yule mtu aliyekaa porini miaka na miaka mpaka hayo majibu yakapatikana humuoni, au ukimuona ni kapicha kamoja, kofia kichwani, darubini shingoni, anatabasamu, na chini wameandika anapenda sana wanyama. Basi, imeisha hiyo. Kupenda wanyama hata mtoto mwenyewe anapenda. Anachotaka kujua ni huyu mtu amejuaje, na mi nasema kitabu kisichojibu hilo swali kimemnyima mtoto kitu kikubwa kuliko vyote vilivyomo humo ndani.

Nikupe mfano. Kuna mtoto nilikuwa namsomea kuhusu chui wa theluji, wale wanaoishi kwenye milima ya Asia ya kati, tukafika pale wanapoandika kwamba duniani wamebaki kati ya 4,000 na 6,500. Akaniuliza, nani aliwahesabu? Nikafunua mbele, nikarudi nyuma, kitabu hakina hata sentensi moja. Na swali lake lilikuwa zuri kuliko kitabu chenyewe, manake huyo mnyama ni mgumu kuonekana kiasi kwamba picha za kwanza za chui wa theluji akiwa porini zilikuja kupigwa mwaka 1970 na George Schaller kule Pakistani, mtu ambaye tayari alishawachunguza sokwe wa milimani na simba wa Serengeti. Sasa kama hata kumpiga picha mmoja ilikuwa kazi hivyo, hao maelfu wamehesabiwa vipi?

Jibu lipo na ni tamu. Watafiti wanapanda mpaka kwenye kingo za milima wanakotafuta mahali ambapo chui amekwaruza ardhi kwa miguu ya nyuma au amekojolea jiwe kuacha alama yake, wanafunga kamera pale na kuondoka. Kamera inashtuka joto la mwili likipita mbele yake, inapiga picha usiku na mchana kwa wiki kadhaa mpaka miezi, betri zinaisha kwa baridi, lenzi inafunikwa na theluji, na mtu akirudi kuchukua memori kadi anakuta picha kibao za mbuzi wa milimani, ndege, majani yaliyotikisika, na za chui chache sana. Alafu ndo kazi yenyewe inaanza. Wanakaa mbele ya kompyuta wanalinganisha mabaka, manake hakuna chui wawili wenye mabaka yanayofanana, wanaangalia mkia, mguu wa mbele, ubavu, huyu ni yule wa juzi au ni mwingine? Wakishajua wameona wangapi tofauti, na kila mmoja amerudi mara ngapi, wanapiga hesabu za kukadiria ambao kamera haikuwanasa.

Na kuna kitu kinachofuata ambacho mi ningekiwekea ukurasa mzima kwenye kitabu cha mtoto. Mwaka 2020 watafiti wa hawa hawa chui walichapisha matokeo ya kujipima wenyewe. Walichukua picha za chui wa theluji 16 wanaofugwa kwenye bustani za wanyama, ambao kila mmoja anajulikana ni nani, wakawapa watu 8 wazipange kana kwamba zimetoka porini. Karibu moja kati ya kila picha nane ilipangwa vibaya, na kosa lililotokea sana ni kumgawanya chui mmoja akahesabika kama wawili, kwahiyo hesabu ya mwisho ikawa juu kwa karibu theluthi moja. Fikiria hapo, watu wanaohesabu chui kwa njia hii hii ndo walioenda kuitafutia kosa, wakaliona na wakalitangaza. Mtoto akisoma hivyo anaelewa kwanini kitabu kinasema kati ya 4,000 na 6,500 badala ya namba moja iliyonyooka, na anaelewa kwamba kukadiria sio kubahatisha. Hilo somo huwezi kumfundisha kwa kumwambia wanasayansi ni watu makini. Muonyeshe picha mbili za mabaka umuache abishane na mwenzake kama ni chui mmoja au wawili, utaona watakavyokaa hapo.

Kitu kingine ambacho vitabu vinakiruka ni kusubiri. Sijui kwanini waandishi wanaogopa kusubiri, labda wanadhani mtoto atachoka. Chukua habari za Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, huyu watoto wengi wanamjua jina. Vitabu vinasema alifika Gombe Julai 1960, sentensi inayofuata tayari ameona sokwe mtu akichovya ujani kwenye kichuguu na kuvuta mchwa. Katikati ya hizo sentensi mbili kuna karibu miezi minne. Kwenye hiyo miezi sokwe walikuwa wanamuona tu kwa mbali wanakimbia, yeye na mama yake waliugua malaria mpaka wakalala hoi, alikuwa anapanda kilima alfajiri na darubini yake anakaa anaangalia, kesho tena, kesho kutwa tena, huku akijua pesa za utafiti zilikuwa za muda mfupi na asipoona kitu cha maana safari inaishia hapo. Ukiitoa hiyo miezi, ule ujani kwenye kichuguu unakuwa kama kitu alichokiokota njiani. Ukiiacha ndani, mtoto anapofika hapo na yeye anakuwa amesubiri, moyo unamdunda.

Na huyu huyu Goodall alipokuwa mdogo aliwahi kujificha kwenye banda la kuku masaa kibao ili aone yai linatokea wapi, nyumbani wanamtafuta hawamuoni. Hii habari aliisimulia mwenyewe mara nyingi, na mtoto wa miaka saba anaielewa moja kwa moja bila kuelezewa, manake ni kitu ambacho na yeye anaweza akakifanya.

Tuje kwenye mavi. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndo ukweli, kwa wanyama adimu mavi yana thamani sana, mnyama mwenyewe anakimbia lakini mavi yanabaki. Ndani yake kuna vinasaba vinavyosema ni nani, ni dume au jike, kuna mabaki ya alichokula, kuna homoni zinazoonyesha kama ana mimba, kama ana njaa, kama ana msongo. Kuna mbwa wamefundishwa kunusa mavi ya wanyama adimu tu, yakipatikana zawadi yao ni mpira wachezeshwe. Mmoja aliitwa Tucker, alikuwa anasimama mbele kwenye boti baharini upande wa magharibi wa Marekani ananusa mavi ya nyangumi wauaji yakielea kabla hayajazama, akiinamisha kichwa upande fulani nahodha anageuza boti upande ule. Watafiti walikuwa wanataka kujua kwanini wale nyangumi wanapungua, kama ni uhaba wa samaki au ni fujo za boti, na hawakuhitaji kumgusa hata nyangumi mmoja.

Kuna habari nyingine ya nyangumi ambayo nikiifikiria nashangaa haimo kwenye kila kitabu. Pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada kuna nyangumi adimu sana ambao wavuvi wa zamani nusura wawamalize, na kuna watafiti walikuwa wanakusanya mavi yao mwaka hadi mwaka kwenye ghuba moja ya Kanada inaitwa Fundy. Ikaja Septemba 2001, yale mashambulizi ya kigaidi kule Marekani, meli zikapungua ghafla baharini. Wenzao wengine walikuwa wanarekodi sauti chini ya maji kwa kazi zao tofauti kabisa. Miaka baadaye wakaweka rekodi mbili pamoja, wakaona siku zile kelele za baharini zilishuka, na homoni za msongo kwenye mavi ya nyangumi zilishuka pia. Mwaka 2012 wakachapisha, wakiwa na ushahidi kwamba kelele za meli zinawatesa nyangumi hao. Hakuna ambaye angeweza kuzisimamisha meli zote ili afanye jaribio kama hilo, ilitokea tu, na kwa sababu kuna watu walikuwa tayari wanaokota mavi na kuyaandikia tarehe bila kukosa, jibu likapatikana. Mtoto anayejifunza kuandika tarehe kwenye daftari lake aisikie hii.

Na ruba je? Kule Vietnam na Laosi kuna mnyama anaitwa saola, ana pembe mbili ndefu zilizonyooka, sayansi ilimjua mwaka 1992 baada ya watafiti kukuta pembe zake zimetundikwa kwenye nyumba za wawindaji. Hakuna mwanabiolojia ambaye amewahi kumuona porini kwa macho yake. Kamera zimemnasa mara chache mno, mojawapo Laosi mwaka 1999 na nyingine Vietnam mwaka 2013. Sasa unamtafutaje mnyama wa namna hiyo? Kuna watafiti wakawaza, msitu wote umejaa ruba na ruba anamnyonya kila mnyama anayepita, tuwaulize ruba. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba damu iliyomo tumboni mwa ruba waliokusanywa kwenye msitu wa Vietnam bado ina vinasaba vya mnyama aliyenyonywa, na kati ya waliopatikana humo alikuwepo sungura mwenye michirizi ambaye na yeye ni adimu sana. Saola hakuwemo. Kitabu kiseme hivyo kwamba hakuwemo, asifichwe mtoto, aone kwamba mtu anaweza akabuni njia nzuri kabisa na ikampa kitu kingine tofauti na alichokifuata, na bado kazi ikawa haikupotea.

Sasa nisogee kwenye kitu kinachoniuma zaidi, mhariri. Vitabu vingi vinampa mtoto mwanasayansi mmoja, shujaa, ameingia msituni peke yake akamgundua mnyama. Ukiuliza wamejuaje, mara nyingi jibu la kweli linaanza na mtu mwingine ambaye kitabuni hayumo. Kipunji ni mfano mzuri. Mwaka 2003 watafiti walikuwa wanaongea na wanakijiji pembeni ya mlima Rungwe kuhusu wanyama na uwindaji, wakasikia habari za nyani mmoja mwenye aibu anayeitwa kipunji. Mwanzoni hawakuwa na uhakika kama ni mnyama wa kweli au wa kwenye hadithi, manake watu wa pale wana masimulizi ya aina zote mbili. Wakaingia msituni wakamtafuta mpaka wakamuona, mrefu wa manyoya, kishungi kichwani, sauti yake ni mchanganyiko wa kubweka na kupiga honi. Mwaka 2004 timu nyingine ikamkuta kwenye msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, hawa hawajui habari za wale. Mwaka 2005 wakatangaza kwa pamoja. Na walimtangaza kwa picha, hawakuua hata mmoja, kitu ambacho wanasayansi wengine walikilalamikia kwamba aina mpya lazima iwe na mwili wa mnyama uliohifadhiwa makumbusho. Baadaye mmoja akapatikana amekufa kwenye mtego wa shambani, vinasaba vyake vikapimwa, na mwaka 2006 akahamishiwa kwenye jenasi yake mpya kabisa, yaani kundi la aina zinazohusiana kwa karibu.

Angalia kilichomo humo. Kuna wawindaji waliokuwa wanamjua siku zote, kuna ubishi kuhusu ushahidi gani unatosha, kuna jibu la 2005 ambalo 2006 lilibidi lirekebishwe. Ukiandika kwamba wanasayansi waligundua nyani mpya mwaka 2005 ukaweka nukta, hujadanganya lakini hujasema kitu.

Samaki silikanti naye ni hivyo hivyo. Wataalamu waliamini alitoweka na madinosaria. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msichana aliyekuwa anasimamia makumbusho madogo ya mji wa East London kule Afrika Kusini, aliitwa bandarini kuangalia samaki wa meli moja ya uvuvi, akaona pezi la bluu limechomoza kwenye lundo. Dereva wa teksi alikataa kumpakia samaki ananuka, ikabidi ambembeleze. Joto la Desemba, samaki zaidi ya kilo 50, hakuna friji ya kumtosha wala aliyekubali kumhifadhia. Akachora mchoro, akaandika barua kwa mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith, ambaye alikuwa mbali likizo na barua ikachelewa, na huku samaki anaoza, matumbo yakatupwa, ikabaki ngozi ya kukaushwa. Smith alipouona ule mchoro alihisi hapo hapo kwamba ni silikanti. Wa pili alipatikana miaka 14 baadaye, 1952, kwenye visiwa vya Komoro, na aliyemvua ni mvuvi Ahamadi Abdallah. Wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote, wanamuita gombessa. Mi nataka mtoto auone ule mchoro wa kalamu ukubwa wa ukurasa mzima, na jina la mvuvi liandikwe kwa herufi zile zile zilizotumika kwa profesa.

Hata siku hizi watu wanaosoma nyayo ndo macho ya utafiti mwingi. Kusini mwa Afrika kwenye miaka ya 1990 ilitengenezwa programu inaitwa CyberTracker, ambayo skrini yake ina picha ndogo badala ya maneno, ili wasoma nyayo hodari ambao hawakwenda shule waweze kurekodi wenyewe wameona nini, wapi, mnyama alikuwa anafanya nini. Utaalamu wa mtu ambaye hajui kusoma herufi ukaingia kwenye kompyuta kama data ya kisayansi. Weka zile picha ndogo kwenye kitabu, mtoto atazisoma bila kufundishwa.

Najua kuna watakaosema mambo ya wanyama kuisha ni mazito kwa mtoto. Sikubaliani, ila inategemea unamwambiaje. Chukua chura wa Kihansi, Tanzania. Aligunduliwa 1996 kwenye uchunguzi wa mazingira wa mradi wa umeme wa maji, chura wa njano mdogo, hafiki hata sentimita 3, hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa vitoto vilivyokamilika. Dunia yake nzima ilikuwa ni eneo dogo la hekta chache linalolowa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo manyunyu yakaisha. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kwa ndege kuokoa mbegu, na kule korongoni vikafungwa vinyunyizio vya kuigiza manyunyu. Ikaonekana inafanya kazi, mwaka 2003 vyura wakaongezeka, alafu mwaka huo huo wakaporomoka ghafla, wanasayansi wakataja fangasi wa ngozi anayeua vyura duniani kote, wakataja pia dawa za mashambani zilizoshuka na maji. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wale waliokuwa Marekani nao walikufa wengi mpaka wakabaki wachache mno, na wahudumu ikabidi wajifunze upya kila kitu, mwanga wa aina gani, unyevu kiasi gani, wadudu wa saizi gani wa kuingia kwenye mdomo mdogo hivyo. Wakaweza. Mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa Kihansi.

Mtoto akiisoma hiyo kama ilivyo, hatua kwa hatua, hana muda wa kukata tamaa kwa sababu kila ukurasa kuna mtu anajaribu kitu. Kinachomkatisha tamaa mtoto ni ile sentensi ya kwenye vitabu vingi, wanyama hawa wako hatarini, tuwalinde, ukurasa wa mwisho, kwaheri. Awalinde vipi wakati hajaonyeshwa hata mtu mmoja akilinda? Muonyeshe wale wa kakapo kule New Zealand, kasuku mnene asiyeruka, mwaka 1995 walibaki 51 tu. Kila mmoja ana jina, kila mmoja amefungwa mgongoni kifaa kidogo cha redio, kuna miaka watu walikuwa wanakesha usiku kwenye mahema karibu na viota, kuna mayai yanayochukuliwa kwenda kuatamiwa kwenye mashine huku mama akiachiwa yai la bandia, na yote hiyo kwa ndege ambaye hazai kila mwaka, anasubiri mpaka mti fulani uzae matunda kwa wingi. Mwaka 2022 walihesabiwa 252, na hapo namba haina ubishi manake wanajulikana mmoja mmoja. Unaona sasa tofauti ya hii 252 na ile 4,000 mpaka 6,500 ya chui wa theluji? Mtoto aliyesoma vyote viwili anaiona mwenyewe.

Kwa waandishi nina ombi moja dogo lakini nalisema kwa nguvu, kwenye kitabu cha habari za kweli msitunge maongezi. Nimeona vitabu ambavyo mtafiti anaongea maneno mazuri mazuri na msaidizi wake porini, unajiuliza nani alikuwepo kuyarekodi. Kama maneno yapo kwenye shajara au mahojiano, yatumike. Kama hayapo, eleza alichofanya inatosha. Huwezi kumfundisha mtoto kuuliza amejuaje na huku kitabu chenyewe hakiwezi kujibu hilo swali kuhusu kurasa zake.

Pia kuna vitu ambavyo mtafiti anavificha makusudi na mtoto anastahili kuambiwa kwanini. Ramani za vifaru na kakakuona hazionyeshi mahali kamili kwa sababu majangili nao wanasoma. Wachapishaji wengi wanaweka doti kubwa kwenye ramani wananyamaza, wakati sentensi moja tu pale chini ingemfanya mtoto ajione ameaminiwa na siri.

Sasa nikurudie wewe mhariri na ukurasa wako wa watoto. Sikuombi uongeze kurasa, najua karatasi ni gharama. Naomba kila mnapoweka picha ya mnyama adimu muandike chini picha imepigwaje, na mtu au na kamera ya kutegwa, porini au kwenye bustani ya wanyama, manake picha nyingi za wanyama adimu tunazoziona ni za wanaofugwa na mtoto anadhani mpiga picha alikutana naye njiani. Mkiandika namba ya waliobaki, muongeze mstari mmoja unaosema wamehesabiwa kwa njia gani na mwaka gani. Na kama inawezekana fungueni sehemu ya maswali, watoto watume, mtafute watafiti wa porini wajibu kwa maneno yao wenyewe, na wasoma nyayo na maaskari wa wanyamapori nao waulizwe, majina yao yaandikwe. Swali la kwanza ninalo tayari, yule mtoto wa chui wa theluji sasa anataka kujua kamera ikifungwa mlimani miezi yote hiyo nani anahakikisha chui haichukui.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.